IRINGA NA MBEYA: BARABARA ILIYOPITISHA SANTURI

Na Mwandishi Wetu

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Nyanda za Juu Kusini hutambua kwamba ameingia nchi nyingine pindi basi linapomaliza kupanda Mlima Kitonga. Nyuma yake ameliacha joto la Morogoro, ameiacha mbuga ya Mikumi na mibuyu ya bonde la Ruaha Mbuyuni. Mbele yake kuna upepo wa baridi, kuna akina mama wa Ilula wapangao nyanya na vitunguu kando ya barabara, na haupiti muda mrefu mji wa Iringa unajitokeza juu ya kilima, kiasi cha kilometa 500 kutoka pwani. Akiendelea kilometa nyingine zipatazo 330, akaipita misitu ya misonobari ya Sao Hill na kuukabili uwanda wa Usangu, atafika Mbeya, mji uliojilaza chini ya mlima Loleza.

Barabara hii tunaijua kwa mengi. Tunaijua kwa mahindi na viazi, kwa mbao na chai, na kwa malori marefu yaendayo Tunduma na kuvuka mpaka. Ni wachache mno waijuao kuwa ilikuwa pia njia ya santuri. Na bado katika nyumba za mikoa hii, juu ya makabati, chini ya vitanda na ndani ya stoo zenye magunia, yamo masanduku ya sahani nyeusi ambazo wajukuu hawajapata kuzisikia zikilia. Baadhi ya sahani hizo leo zinatafutwa na watu wa Ulaya, Marekani na Japani, nao wako tayari kulipa mamia ya dola kwa sahani moja.

Makala haya yanahusu masanduku hayo. Swali lenyewe ni jepesi kuuliza na zito kujibu: familia iliyoachiwa sanduku la santuri na baba au babu ifanye nini nalo?

MUZIKI WENYEWE

Anayefungua sanduku la namna hiyo hukutana kwanza na rafiki zake wa zamani. Atamkuta Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, ataikuta NUTA Jazz, atamkuta Franco na bendi yake kutoka Kinshasa. Hawa hawahitaji kujulishwa kwa msomaji. Lakini katikati yao huchomoza jalada lisilofanana na mengine, lenye rangi za kuchanganyika na vijana wenye nywele nyingi na suruali pana chini. Akiiweka sahani hiyo katika mashine, gitaa halitiririki kama lile la dansi. Linakwaruza, linalia kama king'ora na kurudisha mwangwi. Hii ndiyo roki, na hasa ule mkondo wake ulioitwa saikedeliki.

Jina hilo limetokana na maneno ya Kiyunani yenye maana ya kuidhihirisha nafsi. Vijana wa Marekani na Uingereza waliupa muziki wao jina hilo katikati ya miaka ya 1960, na Jimi Hendrix, aliyefariki mwaka 1970, alikuwa mmoja wa magwiji wake. Wapigaji walitumia vifaa vidogo vya kukanyagia kwa mguu ili kuikwaruza sauti ya gitaa la umeme au kuipindapinda. Huko ulikozaliwa muziki huo uliandamana na matumizi ya dawa za kulevya na pia upinzani dhidi ya vita vya Vietnam. Ulipofika Afrika ulivaa nguo nyingine.

Ulivaa vizuri zaidi katika Zambia. Nchi hiyo ilipata uhuru wake tarehe 24 Oktoba, 1964, na katika miaka iliyofuata shaba yake ilikuwa na bei nzuri. Katika miji ya migodi, yaani Kitwe, Ndola, Chingola, Mufulira na Luanshya, vijana waliweza kununua redio, santuri za kigeni na hata magitaa. Walianza kwa kuiga. Baadaye wakatunga nyimbo zao wenyewe, wakaimba kwa Kiingereza, Kibemba na Kinyanja, na mapigo ya ngoma za kwao yakapenya ndani ya roki. Bendi ya WITCH iliongozwa na mwimbaji Emmanuel Chanda, ambaye mashabiki walimwita Jagari kwa kumlinganisha na Mick Jagger wa Uingereza. Amanaz walitoa santuri yao iitwayo Africa mwaka 1975. Rikki Ililonga na bendi ya Musi-O-Tunya walifanya kazi yao Nairobi. Paul Ngozi na Ngozi Family wakajulikana kwa gitaa kali kupita kiasi. Muziki wa vijana hao ukaitwa Zamrock. Rais Kenneth Kaunda, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga gitaa, aliagiza katika miaka ya 1970 kwamba asilimia 95 ya muziki wa redio uwe wa Kizambia, na agizo hilo likawapa vijana hao nafasi ambayo wenzao wa nchi nyingi hawakuipata.

Kwetu hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1969 ndio uliokuwa mwaka wa Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, nywele bandia na suruali za kubana, na mwishoni mwa mwaka huo huo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Gitaa la kukwaruza lilionekana ni la kigeni, nalo halikupewa uwanja mpana. Hata hivyo wapo waliothubutu. Bendi ya Sunburst ilianza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikachanganya roki, soul na mapigo ya Kiafrika, ikaimba kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Lakini vijana hao walihamia Zambia, na santuri yao kubwa, Ave Africa, ilitolewa huko mwaka 1976. Ilipita miaka 40 kabla kazi zao zote hazijakusanywa pamoja, na aliyezikusanya na kuzitoa upya mwaka 2016 ni kampuni ya Strut ya London. Kwa hiyo kazi ya vijana wa Dar es Salaam ilipotelea Zambia, ikarudishwa kwa wasikilizaji kupitia Uingereza.

JINSI ZILIVYOPITA

Kabla ya uhuru, vijana wengi wa Rungwe, Mbeya na wilaya za jirani walikwenda kufanya kazi katika migodi ya Rodeshia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo, na wengine walichukuliwa na wakala wa Wenela hadi Afrika Kusini. Aliyerudi alirudi na vitu: blanketi, baiskeli, cherehani na, akiwa amebahatika, gramafoni ya kuzungusha kwa mkono. Hivyo mazoea ya kusikiliza sahani yaliingia katika baadhi ya nyumba za milimani kabla ya umeme.

Kisha ikaja mwaka 1965. Walowezi wa Rodeshia ya Kusini walijitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba mwaka huo, na Zambia ikajikuta imefungiwa njia yake ya kusini. Mafuta na bidhaa zake zikaanza kupita Dar es Salaam. Barabara ya Iringa na Mbeya ilikuwa bado ya vumbi na matope, na ajali zake zilikuwa nyingi hata wageni wakaiita njia ya jehanamu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilikamilika hadi Ndola. Lami ikafuata. Halafu, kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China, reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 ikajengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na kukabidhiwa rasmi kwa serikali za Tanzania na Zambia mwezi Julai, 1976.

Dereva, utingo, fundi wa reli na mlinda stesheni wakawa watu wa nchi mbili. Leo yuko Mpika, kesho yuko Mbeya. Mshahara wa kijana asiye na mke ulikuwa na nafasi ya viatu vipya na sahani moja au mbili, na sahani haikuchukua nafasi kubwa katika begi.

Lipo jambo jingine. Tanzania ya wakati huo haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri. Nyimbo za bendi zetu zilizorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam au Nairobi zilifyatuliwa Kenya. Mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, mpaka wa Kenya ulifungwa, nao haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Kwa miaka hiyo yote njia ya kawaida ya santuri za Nairobi ilizibwa. Mlango wa Tunduma ulibaki wazi. Kwa watu wa Mbeya, Kitwe haikuwa mbali kama ramani inavyodai.

KWA FUNDI WA IRINGA

Iringa ni mji wa kupanda na kushuka. Ukitoka Ipogolo, chini kwenye Mto Ruaha Mdogo, barabara hukwea hadi mjini, na ukiwa na nguvu bado za kukwea utafika kwenye jiwe la Gangilonga, ambalo jina lake kwa Kihehe maana yake ni jiwe lisemalo. Wenyeji husimulia kwamba Mtwa Mkwawa alifika hapo kutafakari. Jioni vijana hukaa juu yake kuutazama mji, kila mmoja na simu yake.

Si mbali na Soko Kuu nilimkuta mzee mmoja fundi wa redio, mwenye umri uliozidi miaka 70. Karakana yake ni chumba kimoja chenye harufu ya risasi ya kulehemu. Ukutani zimening'inia nyaya, na katika rafu ya juu zimepangwa mashine za santuri zipatazo kumi, nyingine nzima, nyingine zikisubiri kipuri ambacho huenda kisipatikane.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umeleta nini?”

Nilipomwambia kwamba sikuleta kitu cha kutengeneza bali maswali, alicheka, akanivutia kigoda. Mzee huyu amejifunza santuri kwa kuzitibu. Alinionyesha kwanza tofauti ambayo kila mwenye sanduku yampasa kuijua. Zile sahani nzito za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa utomvu uitwao sheleki. Hizo ni kama sahani za udongo, zikianguka zinavunjika. Zilizofuata, za mizunguko 45 na 33, ni za vinili, nyepesi na zenye kupindika kidogo bila kuvunjika. Santuri za roki ya Zambia ni za vinili. Adui yake si kuanguka bali joto, vumbi na sindano iliyochakaa.

“Sindano mbovu ni jembe,” aliniambia. “Kila ukiipitisha unalima. Mwenye sahani anadhani anasikiliza, kumbe anavuna mara ya mwisho.”

Nikamwuliza kwa nini masanduku ya huku yanasemekana kuwa na hali nzuri kuliko ya pwani. Alinijibu kwamba baridi ya Iringa ni dawa na ni sumu. Ni dawa kwa sababu mji uko juu kiasi cha meta 1,600 kutoka usawa wa bahari, na sahani iliyohifadhiwa ndani ya nyumba ni nadra kupinda kwa joto. Ni sumu kwa sababu miezi ya mvua huleta unyevu, na unyevu huota ukungu juu ya majalada ya karatasi. Amepata kuletewa sahani isiyo na mkwaruzo hata mmoja ndani ya jalada lililokwisha kuliwa na mchwa. Ushauri wake ni kuzisimamisha wima kama vitabu, zisilaliane. Kuziinua kutoka sakafuni. Na kuzitenga na ukuta wenye unyevu. Ya vumbi hufutwa kwa kitambaa laini chenye maji safi, kwa kufuata mzunguko wa mistari, na lebo ya katikati isiloweshwe.

Nilimwuliza pia habari za mji wake. Alisema kwa fahari kwamba Iringa nayo ilikuwa na sauti yake: katika miaka ya 1980 bendi ya Tancut Almasi, iliyokuwa chini ya kiwanda cha kuchonga almasi cha hapo hapo mjini, ilitikisa nchi nzima na sauti za mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Lakini wakati huo kaseti ilikuwa imekwisha kuipokonya santuri kiti. Kaseti ilikuwa rahisi kubeba na rahisi zaidi kuigiza. Ilimfikishia mwananchi muziki kwa bei ndogo, na wakati huo huo ilimnyima mwanamuziki jasho lake, kwani mwenye mashine mbili aliweza kutoa nakala kadiri apendavyo.

MAMA WA MBEYA

Kutoka Iringa basi hupita Mafinga, kisha Makambako, ambako reli na barabara hukutana na upepo hauna huruma. Toka hapo hushuka Igawa na Chimala, likapanda tena hadi Uyole, na Mbeya ikafunguka mbele, na soko la Mwanjelwa likiwa na watu wengi kuliko nafasi yake.

Katika kitongoji kimoja cha mji huo nilipelekwa kwa mama mmoja mjane. Marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli, na kabla ya hapo aliwahi kuishi Kitwe. Aliacha sanduku la mbao lenye santuri 43. Sita kati yake zilikuwa za roki ya Zambia. Katika kila jalada, pembeni juu, marehemu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino jina lake, mahali aliponunua na tarehe.

Mama aliniandalia chai, na mjukuu wake, kijana wa kidato cha nne, akazipanga sahani mezani.

“Mimi muziki huu siujui, mwanangu,” alisema mama. “Kwangu ulikuwa kelele. Lakini yeye akirudi safari hata viatu havui, anaweka sahani. Watoto wakawa wanajua baba amefika kwa kusikia hizo kelele.”

Miezi kadhaa kabla ya ziara yangu alikuwa amefika mnunuzi. Hakuwa mtu wa hapo. Alizipitia sahani zote upesi, akasema ni takataka za zamani lakini kwa kumsaidia mama atalichukua sanduku zima kwa bei moja. Bei yenyewe isingenunua hata mabati kumi. Mama, ambaye paa lake lilikuwa linavuja, alikaribia kukubali. Aliyemzuia ni mjukuu. Kijana alikuwa ameona kwamba mgeni huyo, alipokuwa akipitia sahani, mkono wake ulikawia kwenye zile sita na kupita haraka juu ya nyingine zote. Usiku huo akatafuta majina yake katika simu, akaona bei zinazotajwa ughaibuni.

Mnunuzi aliporudi alibanwa. Ndipo alipobadili wimbo. Akakiri kwamba zile sita zina thamani, ila akalalamika kwamba nne kati yake zimeharibiwa kwa mwandiko wa kalamu. Katika hili hakusema uongo. Wakusanyaji wanapenda jalada safi kama lilivyotoka kiwandani, na jina la mtu likiandikwa juu yake bei huteremka.

“Nikamwambia, kuharibiwa kupi?” mama alinieleza. “Baba yao aliacha picha mbili tu, na barua alikuwa haandiki. Mwandiko wake uko hapa peke yake. Sasa wewe unaniambia umeharibu.”

Mwishowe mama aliuza mbili, zile ambazo mwandiko ulikuwa umefifia na kufutika kabisa. Alizipatia fedha zilizozidi bei aliyotajiwa kwanza kwa sanduku zima. Paa limeezekwa upya. Nne zenye mwandiko hakuziuza. Kabla mbili zile hazijaondoka, mjukuu alizirekodi katika simu na kupiga picha majalada yake mbele na nyuma, pamoja na namba ndogo zilizokwaruzwa karibu na lebo, ambazo hutambulisha toleo la kiwandani.

Nilizitazama zile nne. Moja imeandikwa kwamba ilinunuliwa Kitwe mwaka 1975, nyingine Mpika, nyingine Ndola. Ukizipanga kwa tarehe unapata safari za kijana wa Kitanzania aliyekuwa akifuata kazi huku na huko. Hakuna ofisi yoyote iliyoyaandika maisha hayo. Yeye mwenyewe aliyaandika, pembeni mwa jalada la roki.

KWA NINI NI ADIMU

Huenda msomaji akauliza kwa nini mtu wa Ulaya alipe mamia ya dola kwa sahani ya zamani yenye mikwaruzo. Sababu ziko nyingi. Kwanza, nyingi zilifyatuliwa kwa idadi ndogo, na zile zilizouzwa zilipigwa katika karamu hadi zikachakaa. Pili, enzi yenyewe ilikuwa fupi. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya 1970, fedha zikapungua Zambia, vita vya ukombozi vya nchi za jirani vikaleta hofu ya kutembea usiku, na disko na kaseti zikamaliza kazi. Tatu, na hili ndilo la kusikitisha zaidi, wengi wa wanamuziki hao walifariki mapema, na ugonjwa wa UKIMWI uliwachukua wengi wao katika miaka ya 1980 na 1990. Jagari alinusurika, akaishi kwa kuchimba mawe ya thamani. Santuri zake zilipotolewa upya Marekani na Ulaya katika miaka ya 2010 dunia ikamgundua upya akiwa mtu mzima, akarudi jukwaani, na mwaka 2023 WITCH wakatoa santuri mpya iitwayo Zango.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya mkusanyaji na mchuuzi. Mkusanyaji wa kweli hutafuta habari pamoja na sahani: nani alipiga, wapi, kwa nini. Baadhi ya watu wa namna hiyo walifunga safari hadi Zambia, wakawatafuta wanamuziki waliobaki, wakatia saini mikataba na kutoa nyimbo upya kwa heshima. Mchuuzi hununua sanduku kwa bei ya kuni.

Wala jambo la sauti zetu kuhifadhiwa mbali si geni. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika na mitambo yake akarekodi, miongoni mwa wengine, waimbaji wa Kihehe. Kanda zake zimehifadhiwa vizuri, lakini ziko Afrika Kusini. Kitu kuhifadhiwa ugenini ni afadhali kuliko kupotea. Bora zaidi ni wenyewe kujua walichonacho kabla hakijaondoka.

Hata hivyo msomaji asidanganyike akaanza kuota utajiri. Sahani nyingi zilizomo katika masanduku yetu hazina bei kubwa sokoni. Zile za dansi zilizopendwa na kununuliwa na maelfu ni za kawaida, na yenye mikwaruzo mirefu hainunuliwi hata kama ni adimu. Anayesikia kwamba jirani ameuza sahani moja akapata bati za nyumba asikimbilie kuuza za kwake kwa wa kwanza anayebisha hodi.

LA KUFANYA

Kwa familia zenye masanduku hayo, ziwe za Iringa, za Mbeya au za Manzese, yapo mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi.

La kwanza ni kuorodhesha. Mpeni kazi hiyo mtoto mwenye mwandiko mzuri: jina la bendi, jina la sahani, kampuni, mwaka kama umeandikwa, na namba zilizoko kwenye lebo. La pili ni kumwuliza mzee wakati angali hai. Sahani itadumu miaka mingine hamsini ikitunzwa, lakini habari ya jinsi ilivyofika nyumbani haina mashine ya kuipiga. La tatu ni kutouza sanduku zima kwa bei moja. Anayekataa kuchagua ameshachagua. La nne ni kuirekodi sahani kabla ya kuiuza, kwa ajili ya wanao. Na hapa ikumbukwe kwamba kumiliki sahani si kumiliki wimbo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na warithi wake, na anayetoa nakala kwa ajili ya kuuza anawaibia watu ambao wengi wao walikufa maskini.

La tano linahusu vijana. Mjukuu wa yule mama hakuwa mpenzi wa roki. Alikuwa mwangalifu tu, akauona mkono wa mgeni ulipokawia. Tangu siku hiyo amezisikiliza zile nne hadi amezijua, na ameanza kumwuliza bibi yake habari za babu ambaye hakumkuta. Kuuza si dhambi, na paa linalovuja halizibwi kwa kumbukumbu. Lakini anayeuza baada ya kusikiliza, kuandika na kuuliza amebaki na kitu. Anayeuza kabla ya hapo amempa mnunuzi sahani na historia ya nyumba yake kwa bei moja.